Doctor Who ya zamani: anza na mwaka 1970, sehemu moja kwa siku

Watu wakijua kwamba naipenda Doctor Who ya zamani, ile tamthilia ya televisheni ya Uingereza, swali huwa ni moja: nianzie wapi? Wana haki ya kuuliza. BBC ilianza kuirusha tarehe 23 Novemba 1963 na misimu ikafuatana hadi 1989, jumla yake 26. Ukiitazama orodha yote hiyo kwa mkupuo unaweza kuchoka kabla hujabonyeza chochote.

Jibu langu halijabadilika. Anzia mwaka 1970, kwenye kisa kinachoitwa Spearhead from Space, na utazame sehemu moja tu kwa siku. Nasisitiza zaidi hilo la sehemu moja, kwa sababu ndilo watu wanalolipuuza.

Kwanza, kwa nini 1970. Tamthilia inamhusu msafiri aitwaye Daktari, anayepita katika nyakati na sayari kwa chombo ambacho ukikiona nje ni kibanda cha polisi cha buluu, na ukiingia ndani ni kikubwa ajabu. Mwaka 1966, William Hartnell, mwigizaji wa kwanza wa nafasi hiyo, alipoondoka, watengenezaji walitafuta njia ya kuendelea bila yeye: Daktari hafi, mwili wake hugeuka akawa mtu mwingine, kwa sura na hata kwa tabia. Kwa hiyo kila Daktari mpya anakuja na nafasi ya mtazamaji mpya kuingia. Jon Pertwee ni wa tatu, na kisa chake cha kwanza, Spearhead from Space, ndicho pia cha kwanza kurushwa kwa rangi. Kina sehemu nne tu. Tena kuna mwanasayansi mpya, Liz Shaw, ambaye inabidi aelezwe mambo tangu mwanzo, na wewe unaelewa pamoja naye.

Subiri ufike kwenye sanamu za dukani, zile za kuvalishwa nguo. Ni alfajiri, mtaa umetulia, na sanamu zinaanza kujongea nyuma ya kioo. Hatukioni kioo kikipasuka, tunasikia mlio wake tu. Kisha sanamu ziko barabarani na mikono yao inafyatua risasi. Fedha za kuvunjia madirisha hazikuwepo. Mimi hofu niliyoipata hapo sijaipata kwenye filamu nyingi zenye bajeti nono.

Sasa lile la sehemu moja kwa siku. Kila sehemu ina kama dakika 25, na waandishi waliiandika wakijua kwamba mtazamaji atasubiri wiki nzima kuona inayofuata. Ndiyo maana sehemu huishia pabaya, na inayofuata hurudia kidogo pale ilipokatikia. Ukizipanga sita kwa usiku mmoja, utachoshwa na marudio hayo, na utaona watu wanakamatwa, wanatoroka, wanakamatwa tena. Kisa kile kile, ukikipa siku sita, kinapumua. Unakwenda kazini ukiwaza wahusika watajinasuaje.

Mfano mzuri ni ujio wa Dalek, maadui wakubwa wa Daktari, mwaka 1963. Barbara, mwalimu anayesafiri na Daktari, amepotea katika korido za mji wa chuma. Milango inajifunga nyuma yake. Anageuka, anaegemea ukuta, anapiga yowe, na sisi tunachoonyeshwa ni mkono tu unaomsogelea, ncha yake ikiwa kama ule mpira wa kuzibulia sinki. Sehemu inaishia hapo. Kiumbe mwenyewe hatumjui! Watazamaji wa wakati ule walikaa wiki nzima na mkono ule kichwani. Wewe ukibonyeza inayofuata papo hapo, umejinyima raha yenyewe.

Kuhusu kuta zinazotikisika na waigizaji kuteleza maneno, zoea kuitazama kama mchezo wa jukwaani. Miaka ile ya mwanzo walirekodi studio bila kusimama mara kwa mara, kwa hiyo Hartnell akijikwaa kwenye sentensi, mara nyingi ilibaki hivyo hivyo. Baada ya muda mfupi macho yako yataacha kuta na kufuata nyuso.

Ukimaliza Spearhead, ruka hadi Genesis of the Daleks ya 1975, ya Tom Baker, Daktari wa nne. Humo Daktari anashika nyaya mbili. Akizigusanisha tu, Dalek wote watakwisha kabla hata hawajaanza kuwa tishio. Anasita. Anajiuliza kama ana haki hiyo, na maneno yale Baker anayasema taratibu, bila mbwembwe. Kwangu mimi hakuna dakika bora kuliko hizo katika miaka yote 26. Ukitaka kupumzika baada ya hapo, City of Death ya 1979, iliyopigwa Paris, ni nyepesi na inachekesha sana.

Hapo ndipo urudi 1963. Sehemu ya kwanza kabisa, An Unearthly Child, ni nzuri mno. Tatu zinazofuata, za watu wa mapangoni, mimi naziona nzito, usijilazimishe.

Usishtuke pia ukikuta mapengo. BBC ilifuta na kutupa kanda nyingi, na zaidi ya sehemu 90 za miaka ya 1960 hazina picha hadi leo, ingawa sauti zake zote zipo kwa sababu watazamaji walizirekodi majumbani. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizopotea zimepatikana Nigeria, na kwa ajili hiyo The Enemy of the World imekamilika. Humo Patrick Troughton, Daktari wa pili, anaigiza pia dikteta anayefanana naye. Mjue Troughton kupitia kisa hicho. The War Games ya 1969 ina sehemu kumi, kwa hiyo iache hadi umzoee, maana ndimo tunamoambiwa kwa mara ya kwanza Daktari anatoka kwa watu gani na kwa nini aliwakimbia.