Uliza Fundi wa Lebu: Mnazi mmoja, asubuhi asilimia 4, jioni 6

SWALI: Shikamoo mzee. Niko atachimenti kwenye lebu moja hapa Malindi, nimepewa kazi ya kupima etanoli, yaani kileo, ya pombe ya mnazi kwa GC, ile mashine inayotenganisha na kupima mvuke, kwa ile njia ya hedispesi, unapasha kichupa kilichofungwa halafu mashine inavuta hewa ya juu. Standadi, ile sampuli ya kulinganishia ambayo kiasi chake nakijua, natia mililita 2 za etanoli na maji, mnazi natia mililita 5 na chumvi ndio mvuke upande vizuri. Grafu ya standadi imenyooka, r² (kipimo cha unyoofu, 1 ndio kamili) 0.999, lakini mnazi uleule asubuhi unanipa asilimia 4, jioni 6. Nikalibreti, yaani nipime standadi nichore grafu, upya?
Mwanafunzi, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Mashine iache, haina kosa. Hiyo 0.999 inakwambia tu standadi zako zinaelewana zenyewe kwa zenyewe, habari za mnazi haizijui. Hedispesi haipimi ulichotia, inapima kilichokubali kutoka majini kupanda hewani, na chumvi inaifukuza etanoli majini, sasa mnazi wenye chumvi ukiulinganisha na standadi isiyo na chumvi lazima uonekane mkali kuliko ulivyo. Unachofanyia sampuli fanyia na standadi, ujazo, chumvi, joto, muda, vyote. Ujazo kwa etanoli hausumbui sana kwa vile inapenda maji, ila siku ukipima ethili asiteti, isiyopenda maji hivyo, hizo 2 na 5 zitakuumbua. Joto ndio usicheze nalo kabisa: kwa nyuzi 60 etanoli iliyo majini, ujazo kwa ujazo, ni kama mara 500 ya iliyo hewani, kwa 80 ni kama mara 200 tu, yaani piki, kile kilele mashine inachochora, inapanda zaidi ya mara mbili na hujaongeza hata tone. Stima ikikatika katikati ya kazi vichupa hivyo tupa, funga vingine.

Lakini chumvi yenyewe ya nini jamani? Mnazi una etanoli tele. Punguza na maji mara 100, wa asilimia 5 utakuwa kama gramu 0.4 kwa lita, standadi zako tano zianzie 0.1 hadi 1, na ukishapunguza hivyo sukari na makorokoro mengine yanakuwa kidogo mno kuharibu hesabu, kwa hiyo standadi ya maji matupu yatosha.

Na hiyo 6 ya jioni, wewe mtoto wa pwani kweli? Mnazi hauachi kuchacha ati kwa sababu umefika lebu! Utoe kwa mgema uje kwenye barafu, utikise povu litoke maana pipeti ikivuta povu ujazo umeshakudanganya, halafu upunguze na kufunga saa hiyohiyo, vichupa visikae foleni mchana kutwa.

Tia pia propanoli-1, alkoholi nyingine ya kulinganishia, kiasi kilekile kila kichupa usome uwiano wa piki mbili, ila kwanza pitisha mnazi bila hiyo propanoli, maana hamira nayo hutengeneza yake kidogo, ukiona piki pale pake hamia alkoholi nyingine, tati-butanoli. Kila baada ya sampuli 10 rudisha standadi ya katikati, ikipotoka zaidi ya asilimia 5 mie nasimama hapohapo.