Jibu: Krismasi Moshi na ada za Januari

Mkuu, umeuliza utawapelekaje watu watano Moshi wakati ada na kodi ya nyumba vinakusubiri. Mimi ningeanza na Januari kwanza. Mshahara wa Desemba kwa wengi hutoka kabla ya sikukuu, kwa hiyo mpaka upate mwingine ni wiki tano au zaidi. Hapo ndipo watu wanapozama. Siku pesa ikiingia, lipa kodi, ada, sare na madaftari. Kinachobaki ndicho cha safari.

Tiketi kata mapema, na ulizia nauli elekezi ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, kwa daraja la basi lako. Ukizidishiwa, hakikisha tiketi imeandikwa kiasi ulichotoa kweli, maana bila hivyo malalamiko yako hayana miguu.

Nyumbani sasa. Mtu akitoka Dar anaonekana benki inayotembea! Wapigie ndugu zako wiki hii mchangiane mbuzi mmoja, na mama mweleze mapema ulichonacho. Wazee wanaelewa, wanaomaliza pesa ni washkaji wa pale kilabuni, kila mmoja anadai umnunulie.

Mikopo ya simu usiiguse kwa ajili ya sherehe. Makato yake yanaanza kukutafuna kabla hujarudi mjini.

Hesabu ikikataa, nenda peke yako siku mbili tatu ukawaone wazee. Watoto na mama yao wataenda likizo ya Juni, mabasi yakiwa hayana fujo.