Matumbawe mazima yamebaki wapi?

SWALI: Shikamoo Ami. Nimekulia Tanga, ambako uvuvi wa baruti umetuachia vifusi chini ya maji. Kuna mahali bado naweza kuona matumbawe mazima?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Yapo, ila ya kutafuta. Nenda Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Unguja, chenye mnara wa taa wa mwaka 1904. Fungu la matumbawe la upande wake wa magharibi lilipigwa marufuku ya uvuvi mwaka 1994: hakuna nyavu, hakuna kigumi (kupiga matumbawe kwa miti ili samaki watoke), hakuna nanga.

Vaa miwani, jilaze juu ya maji, utulie. Kwanza utamsikia samaki pono kabla hujamwona, krrr, krrr, anaguguna mwamba. Mfuate kwa macho: baada ya muda anatoa wingu jeupe nyuma yake. Ndiyo, sehemu ya mchanga mnaopigia picha za harusi hutoka humo! Chini ya tumbawe pana kama meza, samaki chewa anakutazama tu. Kwa sisi wa mishipi, chewa asiyekimbia mtu ni kioja.

Lakini usidhani hapajapata dhara. Joto la 1998 lilipausha matumbawe sehemu nyingi za Bahari ya Hindi, na Chumbe haikusalimika. Ila penye samaki wengi wanaokula mwani, matumbawe machanga hupata nafasi ya kushika.

Mtungi wa kuzamia wageni hawaruhusiwi. Wanapokea watu wachache, kwa hiyo weka nafasi mapema.