Mwaridi hauchanui? Nionyeshe mkasi wako kwanza

Juzi msomaji kaniandikia: "Dada, mwaridi wangu umerefuka hadi dirishani, majani tele, ua hata moja hamna. Niweke mbolea gani?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Nami nilikuwa hivyo hivyo miaka sita iliyopita.

Nilikuwa na miwaridi minne, nayo niliionea huruma. Ua likinyauka nililinyofoa kichwa tu, tawi nikaliacha. Basi machipukizi yakawa yanatoka pale juu kabisa, membamba kama njiti, na maua yake yameinama. Shemeji yangu mmoja akasema mbele ya wageni kwamba nina mkono wa kuua mimea. Sijamsahau.

Kwa hasira nikachukua mkasi, nikaikata yote minne hadi usawa wa goti. Mitatu ilinifuta machozi: kulikuwa na joto, na baada ya wiki kama sita ikachanua maua ambayo shemeji aliomba apigwe nayo picha. (Nilimpiga.) Wa nne, ule unaotambaa ukutani, ulitoa majani mwaka mzima bila tumba hata moja. Kumbe ni wa aina inayochanua mara moja kwa mwaka, na maua yake huja kwenye matawi ya mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimeyakata kabla hayajazaliwa. Aina hiyo hupogolewa ikishamaliza kuchanua, basi.

Jamani, acheni kuogopa mkasi! Ncha ya tawi huyalaza macho yaliyo chini yake, yaani vile vivimbe vidogo ambako machipukizi hutokea; ukiikata, yanaamka. Ukikata sana, utapata machipukizi machache, marefu, yenye maua makubwa. Ukikata kidogo, utapata mengi mafupi na maua madogo. Mimi hukata mshazari, nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje, na ua likiisha hushuka hadi kwenye jani lenye vijani vitano. Na mkasi uwe mkali, tafadhali. Mkasi butu husaga tawi, likaanza kufa kutoka juu.

Halafu watu hawatazami majira. Kwenye joto kali ua huja upesi lakini dogo. Kwenye ubaridi huchelewa, likaja limejaa. Mwanga ukipungua, machipukizi mengine huishia majani matupu. Hayo yakate nusu, mara nyingi yatachipua upya na tumba. Na kama kwenu kuna jalidi, yaani baridi ya kugandisha, usipogoe kabla haijapita, maana machipukizi machanga yataungua yote.

Sasa wewe dada wa dirishani, achana na mbolea kwanza. Fuata lile tawi refu hadi linapoanzia. Likiwa limetoka chini ya pale mwaridi ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa na mti mwingine wenye mizizi, hilo ni la mti huo wa chini, si la waridi ulilonunua. Fukua udongo kidogo, ulinyofoe lote hadi shinani. Ukilikata juu juu litarudi na wenzake.