Anza na kopo, wewe uliyeingia juzi kwenye mgao wa chakula

Wiki ya kwanza utapewa makaratasi mengi. Yasome. Utakuta mwongozo wa Sphere, yaani viwango vya chini vya kimataifa vya misaada ya dharura, unaopanga mgao kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na ahadi tisa ambazo mashirika ya misaada yamejifunga nazo kwa watu yanaowahudumia. Ila mama aliyepanga foleni tangu alfajiri haangalii ahadi. Anaangalia kopo la kupimia.

Mimi hilo nililijua kwa aibu. Tulikuwa na kopo tulilolihakiki kwa mizani wakati tunagawa nafaka ya punje. Shehena iliyofuata ikawa ya unga, nasi tukaendelea na kopo lilelile. Unga ni mwepesi. Kopo linajaa na uzito haujafika. Mzee mmoja akaja na mfuko wake, akautua mbele yangu, akanyamaza. Tukaupima, ukawa pungufu. Jioni stoo ilikuwa na magunia yaliyozidi hesabu. Hakuna aliyeiba siku ile, lakini nani angetuamini? Ukimpunja kila mtu gramu 200 tu, kwa watu 1,000 umebakiza kilo 200, yaani magunia manne ya kilo 50.

Basi kila shehena mpya, hakiki kopo upya, tena mbele ya watu. Mizani ikae pale wanapotokea na mzigo, si ndani ya stoo. Mgao wa mwezi uandikwe ubaoni na uchorwe, maana si wote wanaosoma. Na usisahau masalia. Gramu 400 za nafaka kwa siku 30 ni kilo 12. Watu wanne wakigawana gunia la kilo 50, kilo mbili zinabaki. Za nani? Amua kabla ya siku ya mgao, la sivyo wapimaji na wapakuaji watakuamulia.

Orodha ni ngumu zaidi, na hapa sitakudanganya: haitakaa sawa kamwe. Kuna atakayeingia asiyestahili, na kuna anayestahili atakayeachwa. Huyu wa pili ndiye wa kukunyima usingizi, kwa sababu hayupo kwenye foleni ukamwona. Kamati ya wenyeji inajua nani hana kitu kuliko utakavyojua wewe, lakini inajua pia nani ni shemeji ya nani. Majina yasomwe hadharani, vigezo pia, bila kumtaja mtu kwa ugonjwa wake. Acha siku kadhaa za pingamizi. Kisha zunguka nyumba kwa nyumba ukiwauliza wasiofika mkutanoni: anayeuguza, asiyeweza kutembea, aliyehamia karibuni.

Sanduku la maoni, kwa maoni yangu, ni pambo. La kwetu nililifungua baada ya miezi miwili nikakuta karatasi mbili, zote za kuomba kazi. Watu husema wanapoona uso. Weka dawati, wakae mwanamke na mwanamume, mbali na karani anayelalamikiwa. Kila lalamiko liandikwe, lipewe namba na tarehe ya kurudi kuchukua jibu. Mgao ukipunguzwa, watu waambiwe na sababu yake kabla hawajafunga safari, wasije kuyajua mbele ya kopo.

Kuna lalamiko moja ambalo si la daftari lako. Mtu akikudokeza kwamba mfanyakazi anataka ngono ili jina liingie au mzigo utoke, usihoji, usichunguze, usimwambie mwenzako kwa siri. Lipeleke siku hiyohiyo kwa mhusika aliyeteuliwa na shirika kupokea malalamiko ya aina hiyo. Tangu 2003 kanuni za Umoja wa Mataifa zinakataza waziwazi kubadilishana msaada kwa ngono, na anayefanya hivyo anastahili kufukuzwa.

Mengine yote yanataka jibu, hata kama jibu ni hapana. Niliwahi kurudi kwa mama mmoja kumwambia kwamba jina lake limekataliwa, nikamsomea vigezo kimoja kimoja. Nilitegemea matusi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jirani yake, mwenye mifugo kuliko yeye, aliingia kwa kigezo gani. Sikuwa na la kusema. Nikaliandika swali lake, nikampa namba na tarehe, nikarudi kuifungua orodha upya.