Wanafunzi 60, mwendokasi 38, daladala 27: jibu limezidi 1

Mdogo wangu, swali lako linasema: kati ya wanafunzi 60, 38 hupanda mwendokasi, 27 hupanda daladala, baadhi hupanda vyote viwili na 9 hutembea kwa miguu; ukimchagua mmoja bila mpangilio, kuna uwezekano gani kwamba hupanda angalau kimoja? 65/60 haiwezi kuwa jibu, uwezekano hauvuki 1. Umejumlisha 38 na 27, kumbe wanaopanda vyote viwili umewahesabu mara mbili. Anza na wale 9 wanaotembea kwa miguu: 60 − 9 = 51 ndio wanaopanda angalau kimoja, hivyo uwezekano ni 51/60, yaani 17/20. Ile ziada, 65 − 51 = 14, ndio wa vyote.

Kwenye mchoro wa Venn (duara mbili zinazopishana, moja ya mwendokasi na moja ya daladala) ijaze 14 katikati kwanza, kisha 24 na 13 pembeni. Wengi hujaza 38 nzima pembeni, hapo ndipo hesabu inapovurugika. Swali likiuliza uwezekano wa kupanda daladala pia “miongoni mwa wanaopanda mwendokasi”, gawanya kwa 38, siyo 60: 14/38 = 7/19.