Programu nimeifuta, mbona bado nakatwa pesa?

SWALI: Nilipakua programu ya mazoezi, nikaitumia wiki moja, nikaifuta. Mbona kila mwezi bado nakatwa pesa? Na je, taarifa zangu nazo zimefutika?

JIBU: Kufuta programu kunaondoa kilichomo ndani ya simu tu. Malipo ya kila mwezi yamefungwa kwenye akaunti yako ya Google au Apple, kwa hiyo yanaendelea hata ukibadili simu.

Kwenye Android, fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia sehemu ya malipo na usajili, chagua programu hiyo, kisha sitisha. Kwenye iPhone, fungua mipangilio, gusa jina lako, halafu usajili. Huduma itabaki hadi mwisho wa muda uliokwisha kulipia. Kama bado uko kwenye majaribio ya bure, sitisha angalau saa 24 kabla hayajaisha. Wengi hunaswa hapo, na sidhani ni bahati mbaya.

Taarifa zako bado ziko kwenye seva za kampuni. Irudishe programu kwenye simu, ingia, tafuta kitufe cha kufuta akaunti kwenye mipangilio yake, ndipo uiondoe tena. Tangu mwaka 2022 Apple inalazimisha programu zinazofungua akaunti ziwe na njia hiyo humo humo ndani.

Programu usizozigusa miezi kadhaa, Android 11 na kuendelea yenyewe huzinyang'anya ruhusa, mfano kamera na mahali ulipo. Malipo haiyagusi.